Presentesheni ya kisayansi "kulingana na hadhira" maana yake nini hasa

Wengi wakiambiwa "panga presentesheni yako kulingana na hadhira" wanaelewa kitu kimoja tu, rahisisha lugha. Basi mtu anachukua slaidi zile zile za utafiti wake, anapunguza maneno magumu mawili matatu, anabandika picha ya mtoto anacheka, huyo anaenda nazo kijijini. Hapo hujalenga hadhira bado. Kulenga hadhira ni kubadilisha swali unalolijibu, data zinabaki zile zile ila kila kundi limekuja na swali lake, na swali ulilohangaika nalo wewe maabara wengine hata hawana habari nalo.

Chukua mfano wa huku kwetu Arusha, floraidi kwenye maji, yaani madini ambayo yakizidi yanaharibu meno. Mlima Meru ni volkano, maji yakipita kwenye miamba yake yanabeba floraidi, ndo maana ukienda upande wa Ngurdoto na Maji ya Chai unakuta watu wengi wana meno ya kahawia. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Sasa tuseme umepima visima vya kata nzima na majibu unayo mkononi.

Ukiwa Tengeru pale Nelson Mandela, taasisi ya sayansi na teknolojia, mbele ya watafiti wenzako, swali lao ni moja: tukuaminije? Watataka kujua ulipima kwa elektrodi gani (kifaa cha kupimia floraidi), sampuli ulichukua kiangazi au masika, kisima kimoja ulikirudia mara ngapi. Hapo grafu yenye vidoti mia haina shida, tena ukiificha ndo watakushtukia.

Wahandisi wa maji, RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) na watu wa halmashauri, hao njia uliyopimia utawaambia kwa sentensi moja inatosha. Wanataka orodha. Kisima kipi kifungwe, kipi kichanganywe na maji ya chanzo kingine, shilingi ngapi. Na kuna kitu hapa lazima ukijue kabla hujaingia mlangoni, Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa inavumilia mpaka miligramu 4 kabla ya kushusha kiwango kuwa 1.5, kwa hiyo kisima chenye 3 kilichochimbwa zamani kilikuwa halali kabisa siku kinazinduliwa. Ukikitaja kama vile mtu alifanya uzembe, umeshawapoteza, watatumia muda wote uliobaki kujitetea.

Sasa kikao cha kijiji, na hapa ndo wasomi tunapoangukia pua. Sababu yake ina jina, laana ya maarifa, yaani ukishajua kitu unashindwa kabisa kukumbuka hali ya kutokukijua. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaambia watu wagonge meza kwa vidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wengine wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3! Mgongaji wimbo anausikia kichwani, mwenzake anasikia ko ko ko tu. Ndo hivyo hivyo wewe ukisema "miligramu 6 kwa lita" mwenyewe unashtuka, bibi aliyekaa mbele anasubiri uendelee.

Projekta acha ofisini, kikao kipo chini ya mti na jua linawaka. Salimia kwanza, shikamooni wazee wangu, mama zangu, subiri mwenyekiti amalize mambo ya michango, halafu toa chupa mbili, moja ya maji ya kisimani na nyingine ya maji ya mvua, zizungushe watu waangalie tofauti. Hawataiona, zote nyeupe. Umeshawaambia kwamba floraidi haionekani bila kutamka neno moja la kemia. Kisha sema lile ambalo wengi hawalijui, kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi haitoki, tena maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Na kwamba meno yanaharibika yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, kwa hiyo wa kuanza kupewa maji ya mvua ni watoto wadogo, chini ya miaka 8 hivi, mzee yeye meno yake yameshakuwa.

Ila kurahisisha kusikufanye useme uongo. Ukitangaza "maji haya ni sumu" ili wakusikilize, kesho yake kuna mama atarudi kuchota mtoni, na mtoni kuna taifodi. Bora useme maji haya ya kisima kufulia na kuogea hayana shida, tatizo ni kunywa na kupikia miaka na miaka.

Muda uliobaki uache wa maswali, mwingi kuliko ulioutumia kuongea, maana huko ndo utafiti wako unapopimwa kweli. Atasimama mama aulize, na magadi je, haya tunayowekea makande yaive haraka? Tengeru pengine hakuna aliyekuuliza hilo. Mjibu moja kwa moja kwamba ndiyo, magadi nayo yanaweza kuwa na floraidi, mengine nyingi sana, na kama ya pale kijijini hujayapima sema hujayapima, halafu omba uondoke na kipande.