Presbiosmia: msimlaumu ulimi wa jaja

Nimechoka kusikia "mzee wetu amepoteza ladha" kila jaja (babu ama bibi) akisukuma sahani ya matoke. Halafu mwingine anadakia, ah hiyo ni anosmia. Hapana bana. Presbiosmia ni kupungua kwa uwezo wa kusikia harufu kwa sababu ya umri, polepole, miaka na miaka. Anosmia ni pua kutosikia kitu kabisa, na inaweza kumpata hata kijana, kwa korona ama kwa kugonga kichwa barabarani.

Kinachotokea ni kwamba juu kabisa ndani ya pua kuna kangozi kenye seli za neva zinazoshika harufu, na hizo seli zinakufa na kuzaliwa upya maisha yote. Umri ukienda kuzaliwa kunapungua, na vitundu vya mfupa ambamo neva zinapita kwenda ubongoni vinaanza kubana. Na sio wazee wachache, utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 1984 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 65 mpaka 80 wamepungukiwa sana harufu, na kwa waliopita 80 ni zaidi ya robo tatu.

Sasa hii ya ladha ndio inaniudhi. Ulimi wenyewe unajua vitu vichache sana, utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nzito ya supu ya nyama, basi. Mengine yote unayoita ladha, moshi wa malewa (machipukizi ya mianzi), binyebwa (karanga) iliyokaangwa vizuri, tangawizi kwenye chai, ni harufu inayopanda kwa nyuma ya koo kuingia puani wakati unatafuna. Kama unabisha, bana pua ule embe, utasikia tamu na uchachu kidogo lakini uembe wenyewe haupo, achia pua na unarudi hapo hapo. Ndio maana mzee anasema chakula hakina ladha wakati chumvi anaisikia. Ni kweli ulimi nao unachoka kidogo na dawa zingine zinauharibu, lakini mara nyingi mwizi ni pua, na nyinyi mnamwongezea chumvi mtu mwenye presha! Ongezeni tangawizi, ndimu, pilipili kama tumbo lake linakubali.

Tena mwenyewe hata hajui, kwa sababu inapungua kidogo kidogo, kwa hiyo anaona makosa ni ya mpishi (wake wa wajukuu mnanielewa). Kwa nyumba ya gesi hapo sio mchezo: gesi ya kupikia haina harufu yake, ule uvundo unatiwa makusudi ili mtu ajue inavuja, na jaja anaweza kukaa nayo chumba kimoja asishtuke. Mukene (dagaa) ikioza vilevile.

Kwa hiyo mkisema "pua ya jaja imepungua" mtakuwa karibu na ukweli kuliko "amepoteza ladha". Na kama harufu imekatika ghafla, wiki iliyopita alikuwa anasikia na wiki hii hasikii, hiyo msiiite presbiosmia, mpelekeni kwa daktari. Hata ile ya polepole mtajieni daktari, maana magonjwa ya ubongo kama Parkinson na Alzheimer nayo mara nyingi huanza kwa kupoteza harufu, kabla ya mikono kutetemeka ama kusahau majina.