Wifi na waifai: mimba, simu na ubongo wa mtoto

Wifi yangu ana mimba ya miezi sita, na tangu itumwe ile voisi kwenye grupu la ukoo kwamba mionzi ya simu inakaanga ubongo wa mtoto tumboni, rauta inazimwa saa mbili usiku na sisi wengine tunabaki kuungaunga bando (wifi kazima waifai, tushacheka mpaka basi). Haya tuongee.

"Mionzi ni mionzi tu, ya simu na ya eksirei zote moja." Hapana jamani. Eksirei ina nguvu ya kukata DNA (vinasaba vya mwili), mawimbi ya simu na waifai hayana nguvu hiyo, kinachojulikana yanafanya ni kupasha joto, na viwango vya kimataifa viko chini kabisa ya pale joto linapoanza kuleta shida. Halafu umbali nao, ukisogea mara mbili zaidi unapata kama robo tu, kwa hiyo ukitaka kuogopa anza na simu iliyolala juu ya tumbo, rauta ya sebuleni iache.

"Chuo cha Yale walishathibitisha!" Hii ndo inayozunguka. Kweli, 2012 timu ya Hugh Taylor, Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, waliweka simu juu ya vizimba vya panya wenye mimba, simu imepigwa na imepokelewa ila sauti imezimwa, siku 17 usiku na mchana, na watoto wa panya wakatoka watukutu na kumbukumbu hafifu. Sasa mimba ya panya nzima ni kama siku 19, na kamwili kenyewe kadogo hivyo mawimbi yanakafikia kote, wakati mtoto wa binadamu amefunikwa na ngozi, mafuta, misuli na maji ya uzazi. Nani kati yenu analala na simu inaongea juu ya kitovu mimba nzima? Taylor mwenyewe alisema kwa binadamu utafiti zaidi unahitajika, hapo voisi ilikatikia njiani.

Wapo pia wanaosema ishathibitishwa ni salama asilimia mia, nao wanaruka hatua. Denmark 2008, kwenye watoto zaidi ya 13,000, wale ambao mama zao walitumia simu wakati wa mimba walionekana na matatizo zaidi ya tabia wakiwa na miaka 7. Ila mama waliulizwa mtoto akiwa keshafika hiyo 7, wewe unakumbuka ulipiga simu ngapi kwa siku miaka saba iliyopita? Na mama anayeshinda kwenye simu huenda hata malezi yake tofauti. Norway 2017 ndo wakachanganya kabisa, watoto zaidi ya 45,000, wale wa mama wenye simu walikuwa mbele kidogo kwenye kuongea wakiwa na miaka 3, na sidhani kuna mtu atasema mionzi inafundisha lugha, labda ni mama muongeaji tu.

Vile vibandiko vya kuzuia mionzi navyo, Marekani tume ya biashara FTC ilishaonya, kikiziba antena simu inaongeza nguvu kuutafuta mnara. Wifi anacho, kakibandika nyuma ya kava.