Mwenye pofiria na dawa ya usingizi: mofini haina kosa

Mgonjwa analia kwa maumivu ya tumbo, lakini ukilibonyeza ni laini. Chukua mkojo wake, uweke dirishani penye jua. Ukirudi jioni ukaukuta umekuwa rangi ya juisi ya rozela, achana kwanza na kidole tumbo. Fikiria pofiria.

Ni ugonjwa adimu wa kurithi. Mwili hutengeneza hemu, kiini kinachoipa damu wekundu wake, kwa hatua nane, kila hatua na kimeng'enya chake. Mwenye pofiria ana kimoja kilichopungua nguvu karibu nusu. Siku za kawaida kinatosha, na wengi huzeeka bila kujua wanao. Balaa huanza ini likisukumwa kutengeneza hemu harakaharaka: malighafi hurundikana, neva huathirika, misuli hulegea, hata ile ya kupumulia.

Thaiopento, dawa ya sindano ya kumlaza mtu kabla ya upasuaji, hulisukuma ini hivyo hasa. Huko Afrika Kusini, Daktari Geoffrey Dean alizifuatilia familia zenye pofiria hadi kwa mume na mke Waholanzi waliooana Cape mwaka 1688. Wazao wao waliishi salama vizazi na vizazi. Nusu kaputi ya thaiopento ilipoingia hospitalini, baadhi yao wakaamka wamepooza, wengine wakafa.

Ukimsimulia mtu kisa hiki, ataogopa kila kitu kilichomo kwenye sindano, mofini kwanza. Hapo anakosea. Mofini na fentanili, dawa kali za maumivu, haziligusi ini kwa namna hiyo, na mgonjwa huyu anazihitaji kweli. Inaniuma anapoitwa teja kwa kuwa tu tumbo lake ni laini. Katika jamii ya afyuni, tunayoikwepa ni pentazosini. Mofini nayo hupunguza pumzi na kufunga choo, mambo ambayo pofiria yenyewe huyaleta, kwa hiyo tunaitoa kidogo kidogo huku tukihesabu pumzi. Kumlaza, propofoli inatosha.

Ninachokihofia zaidi ni njaa. Kukaa bila kula tangu usiku hulisukuma ini kama ile thaiopento. Kama una pofiria, omba uwe wa kwanza kwenye orodha ya upasuaji, na uwekewe dripu ya glukosi wakati unasubiri.

Na siku ya kuonana na daktari wa usingizi, usiishie kusema huna aleji. Kama shangazi yako aliwahi kupasuliwa akaamka miguu haina nguvu, mtaje.