Watu wanavyodanganyana kuhusu oparesheni ya vidonda vya kulalia

Ukikaa wodini unaisikia kila wiki. Analetwa kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo, au mzee aliyepigwa stroki akalala nyumbani miezi, mnamgeuza mnakuta kidonda cha kulalia, yani nyama iliyokufa kwa kulaliwa muda mrefu, shimo juu ya makalio ambalo ngumi inaingia, na ndugu wanauliza lile swali: "si mchukue tu ngozi ya paja mpandikize pale yaishe?" Haya, tuanzie hapo.

Ile ngozi nyembamba inayokwanguliwa pajani haina mshipa wake wa damu, siku za mwanzo inaishi kwa kunyonya kutoka kwenye kidonda chenyewe mpaka mishipa mipya iingie. Ukiilaza juu ya mfupa mtupu haishiki. Na hata ikishika, ni nyembamba mno kwa sehemu ambayo mtu ataikalia kila siku ya maisha yake. Ndo maana vidonda vya hatua ya 3 na ya 4, yani vilivyopita ngozi vikafika kwenye mafuta, msuli au mfupa, vikihitaji oparesheni vinafanyiwa flapu. Flapu ni kipande kinene, ngozi na mafuta yake na wakati mwingine na msuli, kinasogezwa kutoka jirani kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu, kama unavyohamisha mche na udongo wake. Kidonda cha juu ya makalio kinazibwa kwa nyama ya tako, cha kwenye mfupa wa kukalia mara nyingi nyuma ya paja, cha pembeni ya nyonga paja la nje. Mwaka 1993 daktari Mjapani Isao Koshima na wenzake walionyesha kwamba unaweza kufuata vile vimishipa vidogo vinavyopenya msuli wa tako, ukasogeza ngozi na mafuta tu, msuli ukabaki mahali pake. Kwa mtu ambaye bado anatembea hilo sio jambo dogo.

Halafu kuna hii ya "akifika tu wamshone." Hapana jamani. Kwanza nyama iliyokufa inakatwa yote, mara nyingine zaidi ya mara moja, mfupa uliochomoza unapunguzwa, na kipande cha mfupa kinapelekwa maabara kuangalia kama infeksheni imeingia ndani, maana ukifunika usaha unatengeneza jipu lenye kifuniko kizuri. Kidonda kilichokaa miaka mingi kinapimwa kansa pia, ipo inayoota kwenye makovu na vidonda vya zamani. Na wakati hayo yanaendelea, mgonjwa ale! Mimi hapa ndo nawasumbua ndugu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu shimo kubwa linavuja protini kutwa kucha na mgonjwa analetewa uji mweupe na soda. Mtu mwenye kidonda anashauriwa apate gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwaiyo mtu wa kilo 60 ni kama gramu 75 mpaka 90, na yai moja lina gramu 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Dagaa, maharage, maziwa, karanga, vyote viingie, ila mwenye shida ya figo aulize kwanza. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla, nikotini inabana mishipa ileile ambayo flapu inaitegemea. Na miguu inayoruka au kujikunja yenyewe itafutiwe dawa mapema, la sivyo inafumua nyuzi.

"Hana hisia huko chini, ganzi ya nini?" Hii inatisha kwa sababu inasikika kama ina akili. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, mwili wake bado unaitikia maumivu asiyoyasikia: presha inapanda ghafla, kichwa kinagonga, jasho linamtoka usoni, na presha hiyo inaweza kupasua mshipa kichwani. Kwaiyo mtaalamu wa usingizi lazima awepo, tena aambiwe mapema jeraha liko usawa gani.

Lingine ni aibu, kwamba kidonda maana yake ndugu wamemtelekeza. Kuna wanaotelekezwa ndio, lakini Christopher Reeve, yule aliyeigiza Superman kisha akaja kupooza, alikuwa na pesa na wauguzi na bado alipofariki Oktoba 2004 alikuwa anatibiwa kidonda cha hivi kilichopata infeksheni. Kugeuza mtu usiku na mchana ni kazi ya watu wengi kwa zamu, daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha uti wa mgongo hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza mwaka 1944 alisimamia hiyo ya kila masaa 2 kama amri ya jeshi, na alikuwa na wafanyakazi. Mama mmoja nyumbani na watoto wawili wa shule hawezi kukesha hivyo peke yake, tusimhukumu, tumpangie zamu.

Sasa kubwa kuliko yote: "oparesheni imeisha, amepona." Oparesheni ndo imeanza. Wiki 3 mpaka 6 hivi, kutegemea daktari, hakuna kuilalia flapu, hakuna kukaa. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe sana, akiteleza kidogo tu ngozi inavutika na mshipa unajikunja. Mkimsogeza mnambeba kwa shuka watu wawili watatu, hamumburuzi. Ule mrija wa kutoa maji na damu chini ya flapu msiombe utolewe kwa sababu unakera. Choo kisifike kwenye mshono, na kuna wagonjwa wanaofunguliwa njia ya choo tumboni kwa muda kwa ajili hiyo tu, sio kwamba utumbo umeharibika. Ruhusa ya kukaa ikija ni dakika 15 hadi 30, anarudishwa kitandani, ngozi inaangaliwa, ikiwa safi unaongeza.

"Ikirudi watachukua nyama nyingine." Tako ni mawili tu. Daktari mzuri anachora flapu ya kwanza akiwaza ya pili, anaacha nafasi ya kuja kuisogeza tena, ila nyama ya jirani ina mwisho na kovu juu ya kovu damu yake ni hafifu. Ndo maana kuna wagonjwa daktari anakataa kuwapasua na ndugu wanaona wamenyanyaswa: mzee aliye hatua za mwisho za ugonjwa, au mtu ambaye nyumbani hakuna godoro la kufaa wala wa kumgeuza. Dresingi nzuri na dawa ya maumivu nayo ni matibabu.

Mambo madogo ya nyumbani, haraka haraka. Mto wa duara wenye tundu katikati unabana damu kuzunguka kidonda, uacheni. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii, weka mto chini ya mashavu ya miguu kisigino kining'inie. Pakiwa pekundu usipachue, unaumiza nyama iliyo chini. Spiriti ndani ya kidonda inaua nyama mpya. Asali kama dresingi sina ugomvi nayo, ila haijazi shimo lililofika mfupani. Mwenye kiti cha magurudumu ainue makalio au aegemee pembeni kila dakika 15 hadi 30, na jioni mtu ampige picha ya makalio kwa simu yake aangalie mwenyewe. Bonyeza palipobadilika rangi, pasipofifia unapobonyeza usipalalie tena mpaka rangi ya kawaida irudi. Kwa ngozi nyeusi wekundu haupo wazi, tafuta palipo na joto au pagumu kuliko jirani yake.