Rocky alipigwa, wakubwa zangu: majibu kwa kila mstaafu anayetaka kurudi ulingoni

Naandika hii ili nikipigiwa simu tena nimtumie mtu asome, maana nimechoka kurudia. Mimi nafundisha ngumi huku Mwananyamala, jioni wanajaa madogo, sawa, hao sina shida nao. Shida yangu ni wakubwa wenzangu, watu wa arobaini na kitu mpaka hamsini, walicheza ngumi kweli enzi zao, wengine walipanda mpaka ulingo wa ukumbi wa PTA Sabasaba, wakaacha, wakaoa, wakafungua maduka, kitambi kikaja. Halafu wikiendi moja mtu anaangalia ile muvi ya Rocky Balboa ya 2006, bondia mstaafu anayerudi ulingoni, na Jumatatu asubuhi simu inaita: mwalimu, nataka pambano moja tu la kufungia, mbona Rocky karudi na miaka sitini?

Haya, tuanze na hiyo Rocky yenyewe.

"Rocky alimpiga yule dogo"

Hakumpiga. Alipoteza kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja. Watu wengi muvi hizi waliziona kibanda umiza, kelele nyingi, mtafsiri anaongea lake, mwisho wanaona watu wanashangilia na mzee anatoka kanyoosha mkono juu basi wanajua kashinda. Mason Dixon, yule dogo bingwa, ndo aliyeshinda. Na dogo mwenyewe mkono ulishavunjika raundi za mwanzo, bila hapo nadhani raundi kumi zisingefika. Tena halikuwa pambano la mkanda, lilikuwa la maonyesho. Hata ile ya kwanza kabisa ya 1976 Rocky alipoteza kwa bingwa Apollo Creed kwa pointi hivyo hivyo, anakuja kushinda kwenye muvi ya pili, 1979. Tuendelee.

"Nimepumzika miaka kumi, mwili umeshapona, kichwa kiko freshi"

Hii. Hii ndo inayonitoa roho. Nasikia kila mara, na anayeniambia anaongea kwa furaha kabisa kama mtu aliyeweka hela benki zikazaa. Yani kwake yeye zile ngumi za kichwa alizokula miaka ya nyuma zimefutika kwa sababu hajapigwa siku nyingi. Na muvi inamsaidia kuamini hivyo, maana ukiziangalia kwa mpangilio, kwenye Rocky V ya 1990 daktari anamwambia Rocky ubongo umeharibika, asipande tena ulingoni, muvi nzima imejengwa hapo. Inakuja hii ya sita, mzee ana mgahawa wake Philadelphia, mkewe kashafariki, anaenda kuomba leseni, anapimwa, vipimo vyote anafaulu, kamisheni ya ngumi inamkatalia kwa sababu ya umri tu, analia pale mbele yao wanampa. Ule ubongo wa Rocky V umeenda wapi? Haukuenda popote, mwandishi kaamua kuuacha kando ili muvi iendelee, na Stallone anayeigiza Rocky ndo mwandishi mwenyewe, ana haki hiyo. Wewe huna.

Ubongo sio goti kaka. Goti ukilipumzisha, ukafanya mazoezi, linaweza kukubali. Seli za ubongo zilizokufa kwa kupigwa hazioti upya, na lile tatizo la mabondia wa zamani, kusahau, kuongea ulimi mzito, hasira za ghafla, kuyumba ukitembea, kwa kawaida linaanza kujitokeza miaka kadhaa BAADA ya mtu kuacha ngumi. Soma tena hapo. Ile miaka kumi unayosema ulikuwa unapona ndo miaka ambayo kama kuna kitu kilikuwa kinakua, kilikuwa kinakua kimya kimya. Ndo maana nikiwa na mstaafu mbele yangu siangalii kwanza misuli, naongea naye, namuuliza mkewe kama jamaa anarudia rudia maneno, na hapo wengi wanakasirika.

Halafu kuna la umri wenyewe, hata kama hujawahi kupigwa sana. Kadri mtu anavyozeeka ubongo unasinyaa kidogo kidogo, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, vile vimishipa vya damu vinavyopita hapo katikati vinavutika. Ngumi ambayo ukiwa na ishirini na tano ilikutikisa tu ukatabasamu, ukiwa na hamsini inaweza kuchana mshipa na damu ikavujia ndani taratibu, mtu anatoka ulingoni anaongea vizuri, anakula, analala, asubuhi haamki. Na ukichanganya na kuacha kunywa maji ili ushuke uzito kwenye joto hili la Dar, ndo kabisa. Na msiniambie mtapimwa presha siku ya kupima uzito. Presha haionyeshi ubongo. Mtu wa zaidi ya arobaini anayetaka pambano la kweli aende akapigwe MRI ya kichwa, ile picha inayoonyesha ubongo, alipe mwenyewe, alete majibu, ndo tuongee. Najua ni hela nyingi, na mara nyingi nikishataja hiyo hela hamu ya kurudi inaisha, nami nashukuru.

Mfano wa mtu aliyepumzika upo na sio wa muvi. Muhammad Ali alimpiga Leon Spinks Septemba 1978 akastaafu. Akakaa miaka miwili. Oktoba 1980, ana miaka 38, karudi kucheza na bingwa Larry Holmes kule Las Vegas, na kabla ya hapo alipelekwa hospitali kubwa tu akapimwa, leseni akapewa. Mwili ulikuwa umepungua, tumbo hakuna, watu wakasema yule Ali wa zamani karudi. Katika raundi kumi hakuna aliyoshinda, Holmes aliyewahi kuwa mtu wake wa kusparingi, yani kupigana naye mazoezini, anampiga huku anamuonea huruma, mpaka mkufunzi wake Angelo Dundee kwenye kona akasema basi. Ndo pambano pekee Ali alisimamishwa maisha yake yote. Mwaka uliofuata akapanda tena akapoteza kwa Trevor Berbick, na 1984 ikatangazwa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka. Sisemi lile pambano moja ndo lililomletea, nasema kupungua uzito na kupumzika miaka miwili havikumrudishia kitu.

Hapo sasa ndo wanatoa karata yao ya mwisho: na Foreman je?

Foreman. Ndio, Novemba 1994 George Foreman akiwa na miaka 45 alimlaza Michael Moorer raundi ya kumi akachukua mkanda wa uzito wa juu, na alikuwa kavaa bukta ile ile aliyovaa alipopigwa na Ali Kinshasa 1974, miaka ishirini nyuma. Kitu kizuri sana, nakipenda mpaka leo. Ila watu wanaruka katikati. Foreman aliacha 1977, akarudi 1987, na hakurudi kwa pambano moja la kufungia. Alicheza mapambano 24 na watu wengi wao wa kawaida sana, waandishi wakimcheka, ndo akafika kwa bingwa Evander Holyfield Aprili 1991 na akapoteza. Akapoteza tena 1993 kwa Tommy Morrison, ambaye mkikumbuka ndo yule yule aliyeigiza Tommy Gunn kwenye Rocky V. Kwa hiyo ile ngumi ya Moorer ina miaka saba ya kazi nyuma yake, na hata usiku ule kwa majaji wote watatu alikuwa nyuma. Wewe unataka wiki nane.

Na mwingine ni bondia Mmarekani Bernard Hopkins, na huyu ndo ningependa mumuulizie badala ya Rocky. Lile pambano la mwisho la Rocky Balboa walipiga picha ukumbini Mandalay Bay usiku wa Desemba 2005 ambao Hopkins alikuwa anarudiana na Jermain Taylor, wale watazamaji mnaowaona ni watu waliokuja kumuangalia Hopkins. Alipoteza usiku ule, ana miaka 40. Antonio Tarver aliyeigiza Mason Dixon ni bondia wa kweli, ndo aliyemlaza Roy Jones Jr raundi ya pili 2004. Basi Juni 2006, muvi hata haijatoka, Hopkins akiwa na 41 akamchezesha Tarver raundi kumi na mbili akamshinda kwa pointi nyingi. Mzee wa kweli kampiga Mason Dixon wa kweli, na hakuna anayekuja gym kuniambia habari hiyo! Akaendelea, 2011 akachukua mkanda tena ana miaka 46. Siri yake? Hakuwahi kupumzika. Gym mwaka mzima, pambano liwepo lisiwepo, na anacheza ngumi za kujilinda, anakumbatia, anaharibu mchezo, watu wanapiga miayo ila hapigwi. Bodaboda ukiipaki miaka kumi huikuti mpya, unaikuta imekufa betri, inayokwenda ni ile iliyokuwa barabarani kila siku inafanyiwa sevisi.

"Kasi imeisha lakini ngumi nzito bado ninayo"

Hii wameitoa moja kwa moja kwa Duke, yule mzee mkufunzi, anapomwambia Rocky magoti hayawezi kukimbia, shingo ina matatizo, kusparingi hakuna, kwa hiyo tujenge nguvu tu. Wanaanza kunyanyua vyuma. Nusu yake ni kweli, nguvu ya ngumi huwa ya mwisho kuondoka. Swali ni nani atakayesimama umpige. Miguu ndo inayokupeleka kwenye nafasi na macho ndo yanayoona jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, inakuja, na hivyo vinaondoka kwanza. Mzee mwenye vyuma vingi bila kusparingi raundi ya tatu mikono inashuka, gadi imefunguka, pumzi anatafutia kwenye kamba. Mimi mzee akija vyuma nampiga marufuku miezi ya mwanzo, anaruka kamba, anatembea kwa kasi Coco Beach alfajiri, hasira zake abaki nazo.

Na ile ya kusema madogo wa sasa laini, hawana moyo, kama walivyomchora Dixon. Bondia wetu Hassan Mwakinyo alipoenda Birmingham Septemba 2018 huko hakuna aliyekuwa anamjua, mpinzani wake Mwingereza Sam Eggington hakuvuka raundi ya pili. Endeleeni kusema laini.

"Nitavaa helmeti"

Helmeti inazuia kuchanika na kuvimba. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu, helmeti iko nje ya fuvu. Olimpiki wanaume walicheza Rio 2016 bila hiyo kitu.

Mayai mabichi

Acheni. Kuyanywa kama Rocky ilikuwa muvi ya 1976. Yai lililochemshwa mwili unapata protini yake vizuri zaidi, na bichi linaweza kukuachia kuhara wiki nzima. Na hapana, chips mayai haihesabiki.

"Ni maonyesho tu, hatupigani kweli"

Maneno ya mapromota haya. Maonyesho ya Rocky yaliishia watu wote wawili damu usoni, na huku kwetu ni hivyo hivyo, kengele ikilia na mashabiki wa Manzese wakianza kupiga kelele hakuna anayekumbuka makubaliano. Angalau Novemba 2024 Mike Tyson alipocheza na Jake Paul, yule dogo wa YouTube, miaka 58 kwa 27, walipunguza mambo kwenye karatasi kabisa: raundi nane za dakika mbili, glovu za aunsi 14. Bado Tyson alianza kuishiwa mapema, pambano zima alifikisha ngumi 18. Mtaani wakasema kauza pambano. Hakuuza chochote, ule ndo umri wenyewe mliouona, na yule ni Tyson. Kwa hiyo promota akikufuata na wazo la maonyesho mwambie aandike: dakika mbili, glovu kubwa, raundi nne, refa anayejulikana, daktari pembeni ya ulingo na gari la wagonjwa nje. Akianza kulalamika gari ni gharama, katisha simu.