Fremu ya alumini hunepa kabla haijavunjika

Mteja anayetaka kujengewa chumba safi (chumba ambacho hewa yake huchujwa vumbi) cha kufungashia dawa hapa Mombasa huniuliza kwanza kama alumini itahimili uzito wa dari. Itahimili. Ninachokihofia mimi ni kunepa, kwa sababu ukakamavu wa alumini, yaani jinsi inavyokataa kupinda, ni gigapaskali 70 hivi ilhali wa chuma hukaribia 200. Boriti mbili za umbo moja zikibebeshwa mzigo mmoja, ile ya alumini hunepa takriban mara tatu ya mwenzake.

Katika ghala la kawaida jambo hilo lingevumilika, lakini katika chumba safi dari ndiyo inayobeba vichujio vya hewa pamoja na feni zake, na kila kichujio kimekalia mpira wa kuzibia. Boriti ikinepa milimita chache, mpira huachia upande mmoja na hewa isiyochujwa hupata upenyo. Ndiyo maana nasisitiza nguzo zikaribiane: umbali kati yake ukiongezwa maradufu, na mzigo kwa kila mita ukabaki ule ule, kunepa huongezeka mara 16. Kina cha boriti, yaani kimo chake toka juu hadi chini, nacho husaidia mno, kwani kwa boriti ya mstatili isiyo na uwazi ndani, kuongeza kina kwa asilimia 44 tu hufidia pengo lote la ukakamavu, na bado uzito wake ni kama nusu ya ule wa chuma.

Tofauti ya shinikizo la hewa inayozuia vumbi lisiingie, ambayo kwa kawaida ni paskali 10 hadi 15 kati ya chumba na chumba, ni ndogo kwa fremu: ni kama kilo moja na nusu kwa mita ya mraba.

Kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani huifanya alumini iliwe inapogusana na bolti za chuma cha kawaida, kwa hiyo hutumia bolti za chuma kisichoshika kutu na washa za nailoni.

Joto nalo lina hesabu yake. Fremu iliyofungwa wakati wa kaskazi, kwenye nyuzi 32, kisha kiyoyozi kikaishusha hadi 20, husinyaa zaidi ya milimita moja na nusu katika boriti ya mita 6, karibu mara mbili ya chuma. Niliwahi kuitwa kutazama chumba ambacho silikoni yake ilikuwa imepasuka pembe zote nne kwa sababu hiyo. Tangu hapo huagiza kiyoyozi kiwashwe kwanza, fremu ipoe kabisa, ndipo fundi aanze kuziba.