Mfupa Ukiuma, Simama: Maswali na Majibu kwa Anayerudi Kukimbia Nusu Marathoni Baada ya Jeraha

Msimu wa mbio ukikaribia, chumba changu cha fiziotherapia hujaa watu wenye habari moja. Mtu aliumia miezi kadhaa nyuma, akapumzika, akajisikia vizuri, akajiandikisha nusu marathoni, na sasa anaingia mlangoni akichechemea. Nikimuuliza maumivu haya yameanza lini, ananijibu kwa sauti ya chini: wiki sita. Wiki sita! Na katika wiki hizo zote hakuacha kukimbia, vidonge viko mfukoni. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza, na majibu ninayowapa ana kwa ana.

Nusu marathoni ina mzigo gani kwa mguu uliowahi kuumia?

Ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kila unapokanyaga ukiwa mbioni, mguu hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako, na umbali huo una hatua zinazokaribia elfu 20. Mguu ulioandaliwa taratibu unaibeba kazi hiyo bila shida. Mguu ulioharakishwa hauibebi, hata kama mwenyewe ana moyo wa chuma.

Pumzi yangu imerudi, nakimbia kilomita kumi bila kuhema. Si ndiyo kupona huko?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Moyo na mapafu hurudi upesi, ndani ya wiki chache tu za mazoezi. Kano (kamba zinazounganisha msuli na mfupa) na mifupa huenda kwa mwendo wao wenyewe, na mwendo huo ni wa miezi.

Mfupa hujikarabati kwa namna ambayo wakimbiaji wengi hawajawahi kuelezwa. Ukiongezewa mzigo, kwanza mwili hubomoa sehemu iliyochoka, kazi ya wiki kadhaa. Baadaye ndipo hujenga upya, na ujenzi huo huchukua miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo katikati kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Kipindi hicho huangukia wiki zilezile ambazo pumzi imefunguka, saa ya mkononi inaonyesha kasi nzuri, na mtu anajiona yuko imara kuliko zamani. Anaongeza kilomita. Mfupa unapata ufa.

Nitajuaje maumivu haya ni ya mazoezi tu au ni ya kunisimamisha?

Misuli iliyochoka huuma eneo pana, mara nyingi miguu yote miwili, hukolea siku ya pili na kuisha ndani ya siku tatu au nne. Hayo usiyaogope.

Kano, kwa mfano ile ya nyuma ya kisigino, hukakamaa asubuhi unaposhuka kitandani, hulegea ukitembea kidogo, kisha huuma tena baada ya mbio. Kano inaweza kufanyishwa kazi ikiwa inauma kidogo: katika kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yasizidi tatu, na asubuhi inayofuata yasiwe yameongezeka. Yakiongezeka, ulizidisha. Punguza.

Mfupa ni habari nyingine. Maumivu ya mfupa unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja: hapa, kwenye ugoko, au hapa, juu ya unyayo. Ukibonyeza, unaruka. Hayalegei ukipasha mwili moto, yanazidi kadiri unavyokimbia. Mwanzoni yanakuja kilomita ya nane, wiki ijayo kilomita ya tano, kisha unapotembea, mwishowe hata usiku umelala. Hapa hakuna kipimo cha tatu kati ya kumi. Mfupa ukiuma, simama. Usimalizie hata kilomita mbili zilizobaki. Simama, tembea, au panda gari urudi nyumbani.

Lakini daktari, nikimeza kidonge maumivu yanaisha kabisa.

Ndiyo, na hilo ndilo linalonitisha. Kidonge hakijaziba ufa, kimekunyima habari zake. Ulikuwa na kengele moja tu ya kukuambia mfupa unapasuka, nawe umeikata waya ili ukimbie kwa raha.

Naomba nieleweke vizuri: usimeze dawa ya maumivu ili uweze kukimbia. Si ibuprofeni, si diklofenaki, si hata parasetamoli. Dawa ya maumivu ni ya kumsaidia mtu anayepumzika na kutibiwa. Kama huwezi kukimbia bila kidonge, huwezi kukimbia. Sijui namna nyingine ya kulisema hili.

Kuna na madhara ya dawa zenyewe. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao hupunguza damu inayopita kwenye figo. Ukiwa unakimbia kwenye joto saa mbili au tatu, umepungukiwa maji, figo tayari zinapata damu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu mwili umeipeleka kwenye misuli na ngozi. Ukiongeza kidonge juu yake, unazibana figo pande mbili. Dawa hizohizo huchubua tumbo na zinaweza kulifanya livuje damu. Nimekutana na watu waliomeza viwili asubuhi ya mbio bila kula chochote, kisha kimoja kingine kilomita ya kumi na tano. Wanaiga walichoona kwa wenzao kwenye kundi la mazoezi. Tafadhali, acheni kugawiana vidonge kwenye mstari wa kuanzia.

Na sindano ya kutuliza, nichome mara moja tu nimalize mbio?

Hapana. Jibu ni lile la kidonge, kwa herufi kubwa zaidi. Na sindano za steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, zikichomwa karibu na kano ya kisigino huidhoofisha. Kano hiyo inaweza kukatika kabisa.

Nilipigwa eksirei, wakaniambia mfupa ni safi.

Ulipigwa lini? Ufa unaotokana na uchovu wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo. Picha huanza kuonyesha kitu mfupa unapojaribu kujiziba, na wakati mwingine haionyeshi kabisa. Kipimo kinachouona mapema ni MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku.

Kwa hiyo eksirei safi na mfupa unaouma ukibonyezwa haimaanishi ruhusa ya kukimbia. Inamaanisha bado hatujaona. Mtu anatoka na bahasha yake ya picha akiwa na furaha, anaitumia kama cheti, anarudi kwangu mwezi mmoja baadaye akiwa kwenye magongo. Kama MRI haipatikani au ni ghali kwako, tutakutibu kama mwenye ufa: unapumzika kukimbia, tunakupima tena kwa mikono, na kama kuna haja tunarudia eksirei baada ya wiki mbili au tatu. Kupumzika wiki tatu kwa tahadhari hakujawahi kumvunja mtu mguu.

Mimi maumivu yangu si ya mguu, ni ya kinena. Nadhani ni msuli umekaza.

Huenda ni msuli. Lakini mkimbiaji mwenye maumivu ya ndani kwenye kinena, yanayokuja anapokanyaga na kuzidi anaporuka kwa mguu mmoja, namtuma kupimwa siku hiyohiyo. Sitaki hata kumsikiliza akinieleza mazoezi ya kunyoosha aliyoyaona kwenye simu.

Sababu ni shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga. Ikipata ufa na ukaendelea kukimbia, inaweza kuvunjika na kuachana. Hapo ni upasuaji, na damu inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika, kikafa. Dada mmoja niliyemhudumia baada ya upasuaji alikuwa na maumivu ya kinena kwa miezi miwili. Aliambiwa anyooshe msuli, akanyoosha. Akameza vidonge. Siku ya mbio, mbele kidogo ya kilomita ya kumi na saba, alisikia kitu kimeachia, akaanguka. Leo ana skrubu kwenye nyonga na bado hajarudi kukimbia. Miezi miwili nzima mfupa ule ulikuwa ukimsemesha.

Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji hayasubiri mbio ziishe. Hayasubiri hata wikendi.

Nilifungwa hogo (plasta ngumu) wiki sita, limetolewa, sasa shavu la mguu limevimba. Nikandwe?

Usikandwe! Mguu uliokaa bila kutumika unaweza kuganda damu kwenye mishipa. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto au linauma, nenda hospitali leo. Ukiongezea kubanwa kifua au kukosa pumzi, hiyo ni dharura.

Nikiwa kwenye kukanda: ukisikia mlio nyuma ya kisigino, kama mtu amekupiga teke na ukigeuka hayupo, kisha huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, kano imekatika. Usiikande wala usisubiri uvimbe upungue. Nenda siku hiyohiyo. Ikigundulika mapema kuna namna zaidi ya moja ya kuitibu, hata bila kisu.

Nitajuaje kwamba niko tayari kuanza kukimbia tena?

Si kwa kuhesabu siku kwenye kalenda. Nakuangalia ukifanya mambo haya: utembee haraka nusu saa hadi dakika arobaini na tano bila maumivu, siku hiyo na asubuhi yake. Usimame kwa mguu uliokuwa na jeraha na kunyanyua kisigino mara ishirini na zaidi, karibu sawa na mguu mzima. Uruke kwa mguu huo mmoja mara kumi bila maumivu na bila goti kuingia ndani. Na kama jeraha lilikuwa la mfupa, nikibonyeza pale pa zamani usishtuke hata kidogo.

Wengi hufeli kwenye kunyanyua kisigino. Mtu ana kasi ya kujivunia, lakini mguu uliokuwa mgonjwa unanyanyua mara nane na kuanza kutetemeka. Mguu wa mara nane unataka kuubebesha hatua elfu 20? Kajenge nguvu kwanza, miezi miwili mitatu ya mazoezi ya uzito, mara mbili au tatu kwa wiki. Najua inachosha kuliko kukimbia. Fanya.

Nikishafaulu, naanzaje?

Kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa dakika ishirini, kisha pumzika siku inayofuata. Kila wiki ongeza dakika za kukimbia kidogo, kwa kasi unayoweza kuzungumza bila kukata maneno. Ongeza umbali kwanza, kasi baadaye, kamwe usiongeze vyote wiki moja. Usiruke kutoka mbio ndefu ya kilomita nane hadi kumi na nne kwa sababu tu marafiki walikuwa wanaenda kumi na nne. Mruko mmoja wa namna hiyo unatosha kukurudisha kwangu.

Kwa aliyepata ufa wa ugoko wa kawaida, kukimbia kwenyewe huanza baada ya wiki sita hadi nane za kupumzika, na nusu marathoni kwa wengi iko miezi minne hadi sita mbele. Kama mbio uliyojiandikisha iko wiki tano kutoka leo, hiyo si mbio yako. Chagua nyingine.

Hedhi yangu ilikata nilipoanza mazoezi makali. Wenzangu wanasema ni kawaida kwa wakimbiaji.

Si kawaida, na wenzako wanakupotosha. Ni dalili kwamba unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mwili umezima homoni zinazolinda mifupa. Mwanamke wa namna hii hupata ufa, anapona, anapata mwingine. Akina kaka nao hupatwa na upungufu huohuo wa chakula, ila hawana hedhi ya kuwaonya. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, mwone daktari kabla ya kuongeza kilomita yoyote. Na ule. Huwezi kujenga mfupa kwa njaa.

Mbio ni Jumapili. Nimeshalipa, familia inakuja kunishangilia, na ugoko unauma nikibonyeza. Nikimbie polepole tu?

Hapana. Polepole ni hatua nyingi zaidi, si chache. Kutembea umbali wote nako hapana, maana mguu wenye ufa hautembezwi kilomita 21.

Waulize waandaaji kama nafasi yako inaweza kuhamishiwa mwaka ujao. Baadhi ya mbio huruhusu. Jumatatu asubuhi, au leo hii kama ni kinena, nenda ukapimwe. Ukifika usiseme tu "mguu unauma", kwa sababu utaandikiwa vidonge na kurudishwa nyumbani. Sema wewe ni mkimbiaji, sema umeongeza kilomita ngapi na kwa wiki ngapi, onyesha kwa kidole kimoja panapouma, na uulize waziwazi kama inaweza kuwa ufa wa uchovu wa mfupa. Vidonge ulivyokuwa unameza, vitaje vyote, na siku hiyo usimeze kabla hujaonwa. Tunataka kubonyeza na kuona panauma wapi.